Je, Tulimpima Kocha kwa Haki?

Hapa kwetu Buigiri mtu akivuna gunia moja tu la uwele, hatumwiti mvivu papo hapo. Kwanza tunauliza. Mvua ilinyesha lini? Udongo wake ni wa kichanga? Alipalilia mara ngapi? Mwaka mmoja mvua ilikatika Februari. Uwele wangu ukakauka ukiwa umefika magotini. Majirani walinipa pole. Hakuna aliyenicheka, maana jua lile hata wao waliliona.

Lakini Julai 2019 niliyasahau hayo. Mkataba wa kocha wa Taifa Stars, Emmanuel Amunike wa Nijeria, ulivunjwa. Nikasema, "Afadhali aende." Timu ilikuwa imetoka Misri kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Ilicheza mechi tatu, ikafungwa zote. Senegali walitufunga 2-0, Kenya 3-2, Aljeria 3-0. Ya Kenya ndiyo iliyoniuma. Tuliongoza mara mbili, kisha tukashindwa!

Sasa njoo tuhesabu upya, wewe na mimi. Amunike alipewa timu Agosti 2018. Miezi saba hivi baadaye, tarehe 24 Machi 2019, Stars waliifunga Uganda 3-0 jijini Dar es Salaam, wakapata nafasi ya kwenda Misri. Kabla ya hapo tulikwenda mara moja tu, mwaka 1980, timu ikiwa chini ya Joel Bendera. Hesabu mwenyewe: ni miaka 39. Makocha wangapi walipita hapo katikati?

Na huko Misri, ni nani waliotufunga? Aljeria ndio waliochukua kombe. Senegali ndio waliocheza nao fainali.

Simsafishi kabisa. Novemba 2018 tulifungwa 1-0 na Lesotho, nao Lesotho si Aljeria. Uganda tuliowafunga walikuwa wamekwisha kupata nafasi yao. Tena mwaka 2019 timu ziliongezwa kutoka 16 hadi 24, basi mlango ulikuwa mpana. Bendera alipita wakati timu zilikuwa nane tu. Hayo nayo yaandikwe.

Jirani yangu hakubali. Anasema kufungwa ni kufungwa. Juzi nikamwuliza alivuna magunia mangapi mwaka ule mvua ilipokatika. Alicheka, akasogeza kigoda chake kivulini.