Soma Error Hadi Mwisho, Kompyuta Haikutusi

Wasee wa Nax, nina maoni na najua wengine mtapinga: vijana wengi wanaacha kuandika programu kwa sababu ya ujumbe ambao hawakumaliza kuusoma.

Chukua Python. Ukitaka toleo jipya kuliko lililo kwenye Linux yako, unaweza kudaunilodi msimbo wake, kama MB 20 hivi, ujijengee mwenyewe. Unaandika ./configure, kisha make. Skrini inaanza kumwaga maneno kama mvua ya Aprili, na msee anafunga laptop: "Hii kitu si ya watu kama sisi."

Tulia. Yagawe mara tatu. "Checking" ni maswali: una hiki, una kile? Jibu likiwa "no", mara nyingi si noma, inatafuta njia nyingine. "Warning" ni tahadhari, kazi inaendelea. "Error" ndiyo inasimamisha kazi. Na usishike mstari wa mwisho. "Error 1" pale chini ni mwangwi tu. Panda juu utafute error ya kwanza. Kama ulitumia make -j4, kazi nne zilikuwa zinaongea pamoja, so rudia na make peke yake ndio uone vizuri.

Ujumbe hatari zaidi ni ule mpole. Make inamaliza bila kelele, lakini karibu na mwisho inasema vifaa vya kujenga moduli fulani havikupatikana, na inataja _ssl. Ni kama fundi akukabidhi nyumba, halafu akuambie kwa sauti ya chini hajaweka mabomba. Python itafunguka poa, lakini ukituma pip ikuletee kitu mtandaoni, itagoma. Kwa Ubuntu, weka libssl-dev, kisha rudia ./configure na make. Msimbo tayari unao, kwa hivyo bando halitaumia sana.

Naelewa woga unatoka wapi. Shuleni, kalamu nyekundu ilimaanisha umefeli, basi. Lakini kompyuta haijui kama unaishi Kaptembwo au Milimani, wala KCSE ulipata nini. Kompaila ikikwama inakuonyesha faili na namba ya mstari. Ni nani mwingine aliwahi kukusahihisha hivyo bila kukucheka?

Kabla hujalipia kozi ya mtu, soma hiyo mistari. Ni bure.

Wewe ni ujumbe gani ulikutoa jasho? Niambie.