Mama wa Kitale, Baba wa Ecuador

Rekodi ya mwanasayansi haiko kwenye makala zake tu. Ya Michael Harrison bado inapandwa kila Machi.

Alianza kuboresha mahindi Kitale mwaka 1955. Mahindi ya huko yalikuwa ya ukoo mmoja, na ndugu wakizaana sana, nguvu hupungua. Basi akatafuta damu ya mbali, Amerika ya Kusini. Kitale Synthetic II ikakutanishwa na Ecuador 573, na mwaka 1964 ikatoka H611, mojawapo ya haibridi za kwanza za Kenya. Damu hiyohiyo ya Ecuador imo ndani ya 614, mbegu ambayo Bungoma kila mtu anaijua.

Lakini haibridi ina masharti yake. Ukipanda ulichovuna, jeni zinagawanyika upya: huyu mrefu, yule mfupi, na mavuno yanashuka. Kukhu wangu haitaji jeni. Anasema tu, "Hii ya duka haina wajukuu." Ndiyo maana kila msimu pesa ya mbegu inapigania mfuko mmoja na karo na mbolea.

Mimi simlaumu Harrison. Ugali wake nimeula. Ila yule mama wa Kitale hakutoka maabara. Kuna watu waliochagua mahindi mazuri, wakayatundika juu ya moshi wa jikoni, wakapanda tena, miaka na miaka. Huo nao ni utafiti. Mbegu ina jina na namba. Wao hawana hata moja.