Nilimfuata Mke Wangu Uchina

Mwezi uliopita nilikuwa Songea kwa ajili ya arobaini ya shangazi yangu. Shughuli ilipokwisha, wanaume tuliketi chini ya mwembe, komoni ikizunguka mkono kwa mkono. Baba yangu mkubwa, mzee aliyevuka miaka themanini, akaniuliza mbele ya wote: "Mwanangu, ile miaka miwili ya Uchina ulikuwa unafundisha nini?"

"Sikufundisha, baba," nilimjibu. "Nilimfuata mke wangu. Yeye ndiye aliyekwenda kusoma."

Pakawa kimya. Mtu mmoja akakohoa. Kisha mzee akauliza kwa upole, kama mtu anayeulizia habari za ugonjwa: "Basi ulikuwa unakula nini?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nimelitafuta tangu siku ile, na makala haya ndiyo jibu lenyewe. Ninawaandikia hasa ninyi wanafunzi wangu mnaokaribia kuoa na kuolewa, na ninyi watumishi wa umma ambao ndoa zenu zimegawanywa na vituo vya kazi.

Kuondoka nyumbani si jambo geni kwa watu wa Ruvuma. Enzi ya mkoloni, Songea ilikuwa ghala la nguvukazi. Vijana wa Kingoni waliandikishwa kwa mikataba, wakasafirishwa hadi mashamba ya mkonge ya Tanga, wakaitwa manamba kwa sababu kila mmoja alitambuliwa kwa namba yake. Babu yangu alikwenda huko mwishoni mwa miaka ya 1940. Ukoo wetu unaijua vema habari yake: alivyokata mkonge, alivyorudi na baiskeli, alivyojenga nyumba ya kwanza ya bati pale kijijini. Bibi alimfuata baada ya mwaka mmoja. Shangazi, huyu tuliyemsomea misa ya arobaini, alizaliwa katika kambi ya mkonge. Lakini habari za Bibi huko Tanga hatuna. Tunachojua ni kwamba alimfuata mumewe, na kwetu sisi sentensi hiyo imekuwa ikijitosheleza.

Mwaka 2015 mke wangu alipata ufadhili wa masomo ya uzamivu katika Zhejiang Normal University, mjini Jinhua, mashariki mwa Uchina. Si chuo kigeni kwa Watanzania: kina taasisi ya masomo ya Afrika iliyoanzishwa mwaka 2007, na ndicho mshirika wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika Taasisi ya Confucius iliyofunguliwa mwaka 2013. Alitangulia peke yake. Mwaka mmoja baadaye binti yetu Neema, aliyekuwa na miaka minne, alianza kumwita mama yake "yule wa kwenye simu". Hapo ndipo nilipoandika barua ya kuomba likizo bila malipo. Mkubwa wangu mmoja wa kazi aliisoma mara mbili, akavua miwani, akasema: "Daktari, yaani unakwenda kulea?" Aliitia saini akicheka. Nami nilicheka, kwa kuwa sikujua la kufanya.

Tuliwasili Jinhua Septemba 2016. Sheria ya Uchina inamtaka mgeni asiyekaa hotelini aandikishwe polisi ndani ya saa 24 tangu kufika. Kwa mwenye viza ya S1, ambayo hupewa jamaa wa mgeni anayesoma au kufanya kazi nchini humo, kibali cha ukaazi lazima kiombwe ndani ya siku 30. Nilitimiza yote hayo nikiwa na cheti cha ndoa mkononi, kwa sababu cheti cha shahada ya uzamivu hakikuwa na kazi pale dirishani. Haki yangu ya kuwapo ilitokana na mtu mwingine. Kibali cha namna hiyo hakiruhusu kuajiriwa. Hata kufundisha Kiingereza kwa saa mbili za jioni, jambo ambalo wengi hulifanya kwa kificho, ni kosa. Nilikuwa nimefundisha miaka kumi na miwili. Sasa kazi yangu ilikuwa kumpeleka mtoto chekechea, kununua mboga na kungoja.

Fedha ndiyo iliyonivunja kwanza. Katika mji ule hata mwuza viazi vitamu vya kuchoma kando ya barabara alikuwa akipokea malipo kwa simu, na malipo hayo wakati ule yalihitaji akaunti ya benki. Benki niliyoiendea ilitaka barua ya mwajiri au ya chuo, nami sikuwa na mwajiri wala chuo. Kwa hiyo kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda maktaba, mke wangu aliniachia noti mezani, chini ya kikombe. Wauza mboga walizipokea noti hizo kwa subira, wakapekua droo kutafuta chenji, na foleni nyuma yangu ikahema. Hakuna aliyenitukana. Niliona tu kuwa mimi, mtu mzima, nimekuwa mzigo mdogo katika siku ya kila mtu.

Kisha ukaja upweke. Nyumbani kumetangulia nyuma kwa saa tano. Nilipopata nafasi ya kuzungumza, ndugu walikuwa kazini, na walipopata nafasi wao, sisi tulikuwa tumelala. Mwaka 2017 WhatsApp nayo ilifungwa. Majira ya baridi katika eneo lile, lililo kusini mwa mto Yangtze, nyumba hazina mfumo wa joto wa mji kama zile za kaskazini. Nilishinda nimevaa koti ndani ya chumba, nikinywa maji ya moto kama wenyeji. Nilisonga ugali wa unga wa mahindi wa manjano, ule uliofanana na wa miaka ya njaa ambao wazee wetu waliuita Yanga. Mwana wa Ruvuma, mkoa unaolisha nchi kwa mahindi meupe, nilikula Yanga na kushukuru.

Langoni pa chekechea nilisimama kila alasiri pamoja na mabibi na mababu, kwa kuwa huko wao ndio huwachukua wajukuu wakati wazazi wako kazini. Nilikuwa mwanaume pekee asiye na mvi. Miezi ya mwanzo walinitazama tu. Siku moja babu mmoja aliniuliza natoka wapi. Niliposema Tanzania, uso wake ukafunguka: "Tan-Zan tielu!" Alikuwa akiitaja TAZARA, reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Kila mtu wa Songea anaifahamu stesheni ya Makambako, pale barabara yetu inapoungana na dunia. Kwa Kichina changu cha kuokoteza nilielewa kwamba kaka yake alikuwa miongoni mwa mafundi waliokuja kwetu. Nilimwuliza kama shemeji yake naye alikuja. Alinitazama kana kwamba sikuijua maana ya maneno niliyoyatumia. Hapana, alisema, mwanamke alibaki na watoto na wakwe.

Nilirudi nyumbani nikiwaza. Nimefundisha historia ya reli ile mara nyingi: mkopo usio na riba, siasa za ukombozi wa kusini mwa Afrika, maelfu ya mafundi wa Kichina, na waliozikwa Gongo la Mboto. Sijawahi kutamka darasani hata sentensi moja juu ya wake waliobaki. Wala juu ya wale waliofuata, kama Bibi.

Hata hivyo mtu huweza kuelewa jambo kitabuni na asilielewe chumbani kwake. Jioni moja ya mwezi Machi mwaka 2017 nililipuka. Nilimwambia mke wangu kwamba nimechoka kuitwa "baba wa Neema" na watu wasiojua jina langu, kwamba akili yangu inaota kutu, na zaidi ya yote kwamba zile noti za Jumatatu chini ya kikombe zinanidhalilisha.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema bila kupandisha sauti: "Baba Neema, nani aliyeanzisha Jumatatu?"

Msomaji, hapa inabidi nirudi nyuma. Mwaka 2008 nilikwenda Dar es Salaam kusomea shahada yangu ya uzamivu. Mke wangu alikuwa mwalimu wa sekondari Songea, na mwaka huo alikuwa ameteuliwa makamu mkuu wa shule. Aliomba uhamisho wa kunifuata. Akaambiwa hakuna mwalimu wa kuziba nafasi yake. Alichukua likizo bila malipo kwa miaka miwili, akaacha umakamu, akaja kuishi nami katika chumba na sebule. Mimi nilikuwa na posho ya masomo. Kila Jumatatu asubuhi nilimwachia fedha ya matumizi mezani, chini ya sahani, kisha nikaenda maktaba. Niliona ninatimiza wajibu wa mume, na sikuwahi kujiuliza aliyebaki na ile sahani alijisikiaje. Aliporudi kazini, walioajiriwa pamoja naye walikuwa wamemtangulia daraja. Katika tasnifu yangu, ukurasa wa shukrani, nilimwandikia mstari mmoja juu ya "uvumilivu" wake.

Jioni ile alinieleza, kwa mara ya kwanza, kile ambacho mstari ule ulikuwa umekifunika. Sikuwa na utetezi. Niliosha vyombo, na kesho yake nikaendelea kuishi: nikajifunza Kichina kwa bidii kutoka kwa mabibi wa langoni, nikasoma sura za tasnifu yake kama yeye alivyozisoma zangu, nikazichukua zile noti bila kununa. Unyonge haukuisha. Ila ulikoma kuwa ajabu, kwa sababu niliona kuwa si mali yangu peke yangu.

Sasa niseme lililo kubwa kuliko nyumba yangu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 63, inamtaka mume amtunze mkewe. Mke mwenye uwezo anatakiwa kumtunza mume pale tu mume aliposhindwa kujipatia riziki, kabisa au kwa sehemu, kutokana na maradhi ya akili au ya mwili. Kwa mtazamo huo, mume mzima anayekula kwa kipato cha mkewe ili mkewe asome hana mahali pa kukaa. Sharti awe mgonjwa kwanza. Baba mkubwa hajasoma kifungu hicho, lakini aliniuliza kwa sauti ileile. Sheria na mwembe vinasema lugha moja.

Tatizo si kwamba wanaume wanaofuata wake zao wanachekwa. Hilo ni dogo. Tatizo ni kwamba kufuata kuna gharama, na tumezoea gharama hiyo ilipwe na wanawake kimyakimya hata tukadhani haipo. Sijapata kuona fomu ya kupanda daraja yenye nafasi ya kueleza miaka ambayo mtumishi aliitoa ili mwenzi wake asome. Tunahesabu shahada ya aliyekwenda. Aliyeshika mlango tunamwandikia neno "uvumilivu". Mwajiri anayempeleka mtumishi masomoni au kituo kipya na kumwacha mwenzi wake angoje uhamisho miaka nenda rudi hajaokoa fedha. Amemtumia bili mtu ambaye hayumo katika bajeti.

Ninyi mlio katika ofisi za utumishi mnaweza kuanza na jambo moja: ombi la uhamisho wa mwenzi lishughulikiwe pamoja na uhamisho wenyewe, si baada yake. Na ninyi vijana, kabla ya kufurahia ufadhili, kaeni na wenzi wenu muandike kwa kalamu nani ataacha nini na kitarudishwa lini.

Mke wangu alihitimu mwaka jana. Ameajiriwa kufundisha Dodoma. Neema sasa yuko shule ya msingi, na kwa mara nyingine familia yetu iko katika miji miwili. Chini ya ule mwembe nilimjibu baba mkubwa hatimaye: "Nilikula alichotafuta mke wangu, baba, kama yeye alivyokula nilichotafuta mimi, na kama Bibi alivyokula Tanga." Alinyamaza kitambo, akanipa kata ya komoni, akasema kwamba kwa kweli hata yeye hajui mama yake alikuwa akifanya nini Tanga mchana kutwa.

Wiki hii ninawasilisha barua ya kuomba uhamisho. Mahali pa sababu nimeandika maneno matatu: kumfuata mke wangu.