Jiko la Kyela katika Nyumba ya Mjini

Kwa mjukuu, Dar es Salaam

Vyungu vingi vinavyouzwa Kyela, Tukuyu na hata Mbeya mjini hutoka Ikombe, kijiji cha Wakisi kilichobanwa kati ya maji ya Ziwa Nyasa na Milima ya Livingstone, upande wa pili wa Matema. Mteremko huko ni mkali na mahali pa kulima ni padogo. Kwa hiyo tangu zamani wanawake wa Kikisi hufinyanga, hupakia vyungu kwenye mitumbwi na kwenda kuvibadilisha kwa vyakula vya Wanyakyusa wa tambarare. Soko lao linalojulikana zaidi ni la Lyulilo, jirani na Matema, na siku yake kubwa ni Jumamosi. Anayetaka chungu cha kupikia, si cha kupamba sebule, aanzie huko.

Mfinyanzi wa Kikisi hana gurudumu. Donge la udongo hukaa juu ya kigae, na kigae huzungushwa kwa mkono huku kuta zikivutwa juu na kukwanguliwa hadi ziwe nyembamba. Chungu kikishakauka kiasi, hupakwa udongo mwekundu na kusuguliwa kwa kokoto mpaka king'ae. Kisha huchomwa nje, kwa kuni na nyasi, bila tanuri. Jambo hilo la mwisho ndilo linaloeleza tabia zake zote jikoni. Moto wa wazi haufikii joto la tanuri, kwa hiyo udongo hubaki na vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Vitundu hivyo hukiwezesha chungu kuvumilia moto wa kuni bila kupasuka, lakini pia hukifanya kinywe maji, kinywe mafuta na kivunjike kikigongwa.

Kukichagua si kazi kubwa. Kining'inizwe kwa mdomo wake na kigongwe kwa kucha: kizima hulia, chenye ufa hutoa sauti iliyoziba. Kijazwe maji pale pale sokoni. Kulowa nje baada ya muda ni kawaida, kudondosha matone ni kasoro. Ukubwa nao utazamwe vizuri, kwa maana vyungu vikubwa vina historia yake. Monica Wilson na mumewe Godfrey, walioishi kati ya Wanyakyusa kwa utafiti miaka ya 1930, walieleza jinsi wavulana wa rika moja walivyojenga kijiji chao na kulala huko, lakini wakaendelea kula kwa mama zao, kundi zima likizunguka kutoka nyumba hadi nyumba. Mama aliyepata zamu ya kundi la namna hiyo hakupikia chungu kidogo. Nyumba ya watu watatu huko Tabata, Dar es Salaam, haina kundi, na chungu kikubwa kisichojaa huunguza mboga pembeni na kula gesi bure. Cha lita mbili au tatu kinatosha.

Chungu kipya hakipikiwi siku ya kwanza. Kilowekwe maji usiku kucha, kisha kichemshiwe uji mwepesi wa mchele au wa mahindi kwa moto mdogo na kiachwe kipoe nao ndani. Wanga huingia kwenye vitundu na kuviziba. Baada ya hapo kinafaa kwa maharage, kwa ndizi, kwa samaki wa mchuzi na kwa kila kitu kinachotaka moto wa taratibu, kwa sababu udongo hupokea joto polepole na kulitoa polepole. Maharage yaliyoondolewa motoni yakiwa karibu kuiva humalizikia humo humo.

Kitako chake ni cha duara kwa sababu kilitengenezewa mafiga. Kwenye jiko la mkaa hukaa vizuri. Kwenye jiko la gesi hukaa ikiwa meno ya chuma yanakishika pande zote. Yasipokishika, bamba la chuma liwekwe juu ya moto na chungu chenye kitako bapa kinunuliwe, maana wafinyanzi siku hizi hutengeneza hata vya namna hiyo. Jiko la umeme la kioo linalotumia sumaku halikitambui kabisa, na kulazimisha ni kupoteza muda. Moto uanze mdogo na uongezwe kidogo kidogo. Maji baridi hayamwagwi kwenye chungu cha moto, wala chungu cha moto hakitui kwenye sakafu ya vigae; kiwekewe ngata ya kitambaa au ya majani makavu ya mgomba. Sabuni ya maji isitumike, kwa sababu udongo huinywa na kuirudisha kwenye mchuzi wa kesho. Maji ya moto na kumbi la nazi vinatosha, kisha kianikwe juani mdomo ukiwa wazi. Kinachofungiwa kabatini kikiwa na unyevu huota ukungu.

Mtungi wa maji ni habari nyingine. Huo hauzibwi kwa uji, kwa kuwa kazi yake inategemea jasho: maji yanayopenya hadi nje huvukizwa na hewa na kuondoka na joto la yaliyobaki ndani. Ubaridi wake hutegemea ukavu wa hewa. Dodoma mtungi hupoza sana, Dar es Salaam kiasi, na Kyela kwenyewe, ambako sehemu nyingi hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, hupoza kidogo tu miezi ya masika. Uwekwe penye upepo, si kwenye kona, na usuguliwe kwa brashi kila wiki. Maji ya kunywa yachemshwe au yatibiwe kabla ya kuingia humo, maana mtungi hupoza tu, hausafishi.

Mchele wa Kyela unajulikana kwa harufu, na harufu hiyo imekuwa mtaji wa wachuuzi wasio waaminifu. Gunia lililoandikwa Kyela huweza kuwa na mchele wa mikoa mitatu. Njia ya kupima ni kuchukua kiganja kimoja, kukisugua, kukipulizia pumzi ya joto na kunusa. Mchele wa kweli na mpya hunukia kabla haujaona maji. Harufu hutokana na kiini kinachopotea kwa joto, kwa hewa na kwa kukaa muda mrefu, kwa hiyo hata mchele halisi hupoteza harufu ukikaa mwaka mzima kwenye gunia lililo wazi. Ndiyo maana wakulima wengi huweka mpunga, si mchele, na kukoboa wa kutosha wiki chache. Mavuno ya Kyela huwa kati ya Mei na Julai. Anayeagiza mzigo wa mwaka auagize baada ya hapo, mpunga ukishakauka sawasawa.

Mjini si rahisi kuweka mpunga, kwani mashine ya kukoboa kilo tano haipatikani kila mtaa. Badala yake mchele ugawanywe kwenye vyombo vidogo visivyopitisha hewa, kimoja kifunguliwe na vingine visubiri. Maduka ya pembejeo huuza mifuko ya tabaka kadhaa inayofungwa hewa isiingie. Fukusi waliomo humaliza hewa na kufa wenyewe, bila dawa. Pilipili kavu na majani ya mwarobaini, dawa za zamani, husaidia kwa mzigo mdogo, lakini haviokoi mchele uliowekwa na unyevu.

Kupika kwake kunaharibiwa zaidi na maji mengi. Mchele mpya una unyevu wake. Vikombe viwili huchukua vikombe vitatu vya maji, na wa zamani huongezewa kidogo. Uoshwe mara mbili tu na usilowekwe. Zamani maji yakikaribia kukauka, sufuria iliwekwa juu ya makaa machache, makaa mengine yakapaliwa juu ya kifuniko, na wali ukaiva kwa joto la juu na la chini. Kwenye gesi moto upunguzwe hadi mwisho, kitambaa safi kitandikwe chini ya kifuniko kunyonya mvuke, ncha zake zikunjwe juu mbali na moto, na usifunuliwe kwa dakika kumi na tano. Ukoko utapatikana vilevile, na nyumba yenye watoto itaona ugomvi wake. Chenga zisitupwe: zikilowekwa na kusagwa hutoa vitumbua.

Usipa ni samaki wadogo wa ziwani wanaovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa asubuhi. Waliotandazwa juu ya mchanga hubeba mchanga hadi mezani, hata waoshwe mara ngapi. Walioanikwa kwenye vichanja huwa safi na bei yao huwa juu kidogo. Tofauti hiyo ya bei ilipwe bila kunung'unika. Usipa mzuri ana rangi ya fedha, hukatika kwa sauti akikunjwa, na hana harufu kali. Aliyegeuka njano mafuta yake yameshachacha. Mzigo wa Machi na Aprili uangaliwe mara mbili, kwa sababu jua la masika Kyela haliaminiki na samaki wengi huanza kuharibika wakiwa bado vichanjani.

Robo kilo hulisha watu wanne. Vichwa huondolewa, usipa hukaangwa bila mafuta kwa dakika chache mpaka wanukie, kisha huoshwa haraka kwa maji ya moto. Vitunguu na nyanya huivishwa kwanza kwa vijiko viwili vya mawese, maana michikichi ya Kyela hutoa mawese mazuri, na usipa huingia baadaye na kikombe cha karanga zilizosagwa zilizokorogwa kwa maji. Moto uwe mdogo na mwiko usikoroge ovyo, la sivyo wote watageuka unga. Wanaliwa na mifupa yao, na hapo ndipo penye faida ya madini ya chokaa kwa mama mjamzito na kwa mtoto aliyeanza kutembea.

Mbasa ni suala la dhamiri kidogo. Samaki huyu mnene hutoka ziwani msimu wa mvua na kupanda mito kutaga mayai, na wengi hunaswa wakiwa njiani na mayai yao. Wa kubanikwa ni mtamu kuliko samaki wote wa ziwa hili. Anayempenda amnunue msimu mwingine.

Ndizi za kupika, mbalaga kwa Wanyakyusa, humenywa mikono ikiwa imepakwa mafuta, ndani ya beseni la maji, utomvu usije ukaganda vidoleni na ndizi zisije zikawa nyeusi. Chini ya chungu hutandikwa vipande vya uti wa jani la mgomba, navyo huzuia kuungua, kisha ndizi, nyama iliyochemshwa, na jani zima juu kama kifuniko. Wanaotia maziwa wayatie mwishoni, moto ukiwa umepungua, na nyanya ziachwe kabisa, maana uchachu wake huyakata. Majani ya mgomba hupatikana hata Dar es Salaam kwa wauza ndizi. Yapitishwe kwanza juu ya moto ili yalainike.

Maziwa ya mgando yaliwekwa kwenye kibuyu kisichooshwa kwa sabuni, na masalia ya jana ndiyo yaliyogandisha ya leo. Utaratibu huo una ubora wake na hatari yake, kwa kuwa maziwa mabichi huweza kubeba maradhi ya ng'ombe. Yachemshwe kwanza, yapoe hadi yawe vuguvugu, ndipo vijiko viwili vya mgando vitiwe. Chupa ya kioo hufanya kazi sawa na kibuyu. Ladha ya moshi ya kibuyu haitakuwepo, na si hasara kubwa.

Kakao haikuachwa na mababu, lakini leo ni zao la nyumba nyingi za Kyela na ni ajabu kwamba wengi wanaolilima huliuza lote na kununua kakao ya kopo. Punje zilizochachushwa siku tano hadi saba kwenye majani ya mgomba na kukaushwa hukaangwa polepole kwenye kikaango cha udongo mpaka ganda lilegee, hupepetwa kwenye ungo, kisha hutwangwa kwenye kinu kilichopashwa moto. Baada ya jasho jingi hutoka rojo lenye mafuta. Humiminwa kwenye kikombe, hugandishwa, na hukunwa kidogo kidogo kwenye maziwa ya moto.

Vikapu na nyungo za mianzi zina adui mmoja, mdudu anayetoboa na kuacha unga wa njano. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita kaskazini mwa ziwa mwaka 1879, alisifu nyumba za Wanyakyusa kwa usafi na ufundi wake. Nyumba hizo zilikuwa za mianzi, na sehemu ya kudumu kwake ilitokana na moshi wa jiko la ndani uliokausha mianzi na kufukuza wadudu. Moshi huo huo uliharibu macho na mapafu ya wapishi, kwa hiyo mafiga ya ndani ya nyumba yasililiwe. Ila kikapu kinachoning'inia kwenye jiko la gesi kimepoteza kinga yake na kinahitaji nyingine. Mianzi iliyokatwa kiangazi na kulowekwa majini wiki kadhaa hupungukiwa na wanga ambao mdudu huufuata. Muuzaji aulizwe hilo kabla ya bei. Nyumbani kikapu kianikwe jua kali mara moja kwa mwezi, na kikionyesha unga wa njano kimwagiwe maji yanayochemka, kikaushwe kabisa, na kitengwe na vingine mpaka unga usionekane tena.

Bibi, Kyela