Bujumbura: Mnyonge si Mvivu

Mji wa Bujumbura, ambao zamani za ukoloni uliitwa Usumbura, uko kwenye ncha ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Tanganyika. Tangu mwaka 2019 makao makuu ya kisiasa ya Burundi ni Gitega, lakini biashara kubwa ya nchi ingali Bujumbura.

Mgeni afikaye mtaa wa Buyenzi hupokewa kwa Kiswahili, nyumbani hata sokoni, sambamba na Kirundi. Jua la bonde la Rusizi ni kali, na ifikapo adhuhuri wachukuzi hutafuta kivuli. Hapo mtu hutambua jinsi lugha hizi mbili zinavyoupima mwili uliochoka. Kwa Kiswahili, aliyetua mzigo mzito yu hoi. Aliyeugua siku nyingi yu taabani, au ni mnyonge. Bali anayejikokota kazini pasipo sababu huitwa goigoi. Kirundi nacho kimetenga mambo hayo: “intege nke” ni upungufu wa nguvu, “ubunebwe” ni uvivu. Kukata tamaa ni “gucika intege”, yaani nguvu kukatika, kama kamba ikatikavyo.

Tofauti hiyo si mchezo wa maneno. Mwezi Machi mwaka 2017 serikali ya Burundi ilitangaza mlipuko wa malaria. Vijidudu vya ugonjwa huo huharibu chembechembe nyekundu za damu, na mgonjwa akipungukiwa damu hulegea viungo. Mtoto aliyeacha kucheza, mama anayeegemea mlango tangu asubuhi, askari anayeachwa nyuma na wenzake katika mazoezi: wote hao huenda wakaitwa magoigoi, kumbe homa imo mwilini. Neno likikosewa, mgonjwa hupewa karipio badala ya dawa.

Basi, ndugu msomaji, mtu aliyezoea kuchapa kazi akilegea ghafla, asihukumiwe kabla ya kupimwa damu. Ni kweli wahenga walisema ajizi ni nyumba ya njaa, lakini ugonjwa si ajizi. Warundi wakimwona mwenzao amelemewa humwambia “Komera”, maana yake jipe nguvu. Ni neno jema. Nalo huwa jema zaidi anayelitamka anapomshika mgonjwa mkono na kumpeleka zahanati.