Koleji Saba na Jiko Moja

Juzi usiku mdogo wetu mmoja aliyeko Uganda aliniandikia: "Dada, Toronto wamenikubali! Lakini kuna mahali wanauliza nataka koleji gani. Si nimeshaomba chuo? Koleji tena ni nini?" Nilicheka peke yangu, kwa sababu swali hilohilo ndilo lililoninyima usingizi mwaka 2024. Nilianza kumjibu kwa simu, ujumbe ukawa mrefu mno, nikaona afadhali niandike hapa ili na wengine wasome. Ninyi wa mashirika mnaowasaidia vijana kujaza fomu, someni pia, kuna sehemu yenu.

Kwa wale wasionijua, mimi ni wa Kabezi, kwenye ile barabara inayotoka Bujumbura kwenda Rumonge, ziwa upande mmoja na milima upande mwingine. Baadhi yenu mnaijua Kabezi kwa sababu MSF waliwahi kuendesha huko kituo cha dharura za uzazi. Baba alikuwa mvuvi wa ndagala. Usiku ukisimama juu mlimani unaona taa za mitumbwi zimejipanga ziwani kama mji mwingine. Mama alizianika ndagala mchangani, akaziuza, na harufu yake ilikuwa kwenye nguo zetu, kwenye madaftari yetu, kila mahali. Kumbukeni hiyo harufu, nitairudia.

Huko kwetu hatukuzoea kuchagua shule. Kaka yangu mkubwa alipofaulu konkuru ya taifa, jina lake lilitoka kwenye orodha: ameelekezwa lisee fulani ya interna, mbali, kule Bururi. Hakuna aliyemuuliza kitu. Baba alinunua sanduku la bati na kufuli, mama akashona godoro, kaka akapanda gari. Alirudi likizo amekonda, anasema maharage ya huko yana mawe. Ndivyo nilivyojua mambo ya bweni.

Halafu 2015 ikafika. Nilikuwa na miaka 12. Tulipita Nyanza-Lac mpaka Kagunga, ule ufukwe mwembamba wa Tanzania ambapo watu elfu nyingi tulilala nje tukisubiri meli ya Liemba itupeleke Kigoma, na kipindupindu kikapita katikati yetu. Baba alibaki kuangalia nyavu, akasema atatufuata. Hakutufuata. Kisha Nyarugusu, kisha Nduta, kisha 2018 tukashuka mpaka Malawi, kambi ya Dzaleka. Kila mahali tulipofika kuna mtu alikuwa na karatasi, anaita jina, anaonyesha kwa kidole: ninyi pale. Hema lile. Blok ile. Mwaka 2021 kundi la wadhamini likatuleta Kanada, mji wa Hamilton, mama, mimi na mdogo wangu wa kike. Kaka na bibi walibaki Dzaleka, faili lao ni lingine.

Kwa hiyo nilipofungua ukurasa wa Chuo Kikuu cha Toronto, nikaona wananiambia nipange koleji kwa namba kuanzia ninayoipenda zaidi, nilifunga kompyuta. Kweli kabisa. Nilifikiri ni mtihani, kwamba kuna jibu sahihi na nikikosea wataninyima nafasi.

Sasa mdogo wangu, nikueleze kama alivyonieleza mama mmoja wa kundi la wadhamini, ila kwa mfano wa kwetu. Chuo kikuu chukulia ni komini. Koleji ni kolini. Mtu wa Kabezi ukimuuliza anatoka wapi, atasema Kabezi, lakini ukiwa naye karibu atataja kolini yake, maana huko ndiko kuna majirani na ndiko watu wanamjua. Katika kampasi ya St. George iliyoko katikati ya mji, kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika kitivo cha Sanaa na Sayansi lazima awe na koleji, hata kama analala kwao na kuja kwa treni. Ziko saba: University College, Victoria, Trinity, St. Michael's, New, Innis na Woodsworth. Utaratibu huu asili yake ni Oxford na Cambridge kule Uingereza. Huku kwetu Afrika Mashariki aliyesoma Makerere anajua kitu kinachofanana nao kidogo: mtu anakuwa wa Lumumba, wa Livingstone au wa Mary Stuart, na anajisifia hall yake mpaka uzeeni.

Koleji zenyewe zina historia ndefu. Victoria ilianzishwa na Wamethodisti mwaka 1836 katika mji mwingine kabisa, Cobourg, ikahamia Toronto baadaye. Trinity ni ya Waanglikana, ya 1851, na inajulikana kwa majoho meusi ambayo wanafunzi wanavaa kwenye chakula rasmi. St. Michael's ni ya Wakatoliki, 1852. Mama aliposikia hiyo akakata shauri palepale: "Weka ya Wakatoliki, maneno yameisha." New ni ya 1962, Innis ya 1964, Woodsworth ya 1974. Innis imepewa jina la profesa wa uchumi, Harold Innis, ambaye kati ya vitabu vyake kuna kimoja kizima kuhusu uvuvi wa samaki aina ya chewa. Niliposoma hivyo nikasema kimoyomoyo, huyu baba angemwelewa.

Lakini moyo wangu ulikuwa umeshaenda New College. Kwa nini? Kwa sababu huko ndiko yaliko masomo ya Afrika, na katika masomo hayo wanafundisha Kiswahili. Jamani, Kiswahili! Mimi nyumbani tulisema Kirundi. Kiswahili kilikuwa cha sokoni, cha watu wa Rumonge na wa Buyenzi, cha wafanyabiashara kutoka Uvira na Kigoma. Changu kilikomaa Nyarugusu, kwenye foleni ya maji, kwa kugombana na Wakongo. Hakuna mwalimu aliyewahi kunisifu kwa kujua Kiswahili. Shule moja hapa Hamilton, mshauri alipoona kwenye fomu yangu lugha tatu za Afrika, alisema hazihesabiwi, akaniambia nifikirie kozi fupi ya usafi wa hospitali. (Usafi si aibu, mama anasafisha maofisi usiku na ndio uliotulisha. Lakini mimi sikuwa nimeuliza habari za usafi.) Basi kuona Kiswahili kimeandikwa kwenye orodha ya kozi za chuo kikuu, chenye namba yake kama fizikia, kulinitoa machozi. Nikaweka New namba moja bila kufikiria zaidi.

Hapo ndipo nilipokosea, na nataka wewe usikosee.

Kosa la kwanza: nilidhani koleji ndiyo inaamua utasoma nini. Haiamui. Mtu wa Trinity anaingia darasa la Kiswahili, mtu wa New anasoma kemia, wote wanakaa kwenye ukumbi mmoja na shahada ni ileile. Hakuna koleji ya wenye akili na koleji ya wengine, ingawa utasikia watu wakinong'ona. Kinachotofautiana ni mahali unapolala na unavyokula, ofisi unayokimbilia ukiwa na shida ya kozi au ya pesa, na watu unaokutana nao jikoni saa sita usiku. Mtoto wa mkimbizi anaweza kuona hayo ni madogo. Mimi nasema ndiyo makubwa, maana hakuna mjomba wa kukimbilia.

Kosa la pili lilikuwa karibu kuniangusha. Nilidhani nikishapewa koleji nimepewa na kitanda. Kumbe bweni lina maombi yake peke yake, na tarehe yake ya mwisho. Chuo hiki kinawahakikishia nafasi ya bweni wanaoanza chuo kikuu kwa mara ya kwanza, lakini kwa masharti, na moja ni kutuma maombi ndani ya muda. Niligundua zimebaki siku nne, na kwa bahati tu, yule mama mdhamini aliponiuliza kama nimeshajaza. Ninyi wa mashirika, hapa ndipo pa kwenu: kijana akija amefurahi na barua ya kukubaliwa, msimpongeze tu na kupiga naye picha. Mwulizeni, "Fomu ya bweni iko wapi?" Kwetu sisi barua ikishatoka, wenye ofisi ndio wanajua mengine. Hatujui kwamba kuna nchi ambapo ukinyamaza unaonekana hutaki.

Siku hizo nne ndizo nilizofikiria kwa kweli. Nilikaa mezani na mama, tukaandika hesabu nyuma ya bahasha. Mabweni ya New yanakuja na mpango wa chakula: unalipa mwanzoni, unakula kwenye ukumbi, hupiki. Innis na Woodsworth ni tofauti, wanakupa chumba ndani ya fleti, jiko mnagawana, chakula ni shauri lako. Kwa wenzangu wengi wa miaka 18 mpango wa chakula ni raha, wengine hata yai hawajui kuchemsha. Mimi nilikuwa na miaka 22. Nilipikia familia nzima kwa mafiga matatu na mkaa wa kukopa. Na kuna bibi na kaka kule Dzaleka, ambako posho imekatwa na kukatwa tena. Mkopo na msaada wa serikali ya Ontario ukishalipa karo na bweni, kinachobaki ni kile ninachobana kwenye chakula. Nikijipikia wali na maharage, kuna kitu kinaweza kwenda Malawi kila mwezi. Nikila ukumbini, pesa imeshaliwa kabla hata sijashiba.

Sijawahi kumwambia mtu hivyo kwenye fomu. Hakuna kisanduku cha "bibi yangu anakula nini."

Mama mwenyewe hakutaka nihame. Alitaka niombe chuo cha pale Hamilton, nilale nyumbani, nimsindikize kwa daktari na kumsomea barua. Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akasema, kwa Kirundi, kwamba kaka yangu alikwenda interna bila kuulizwa na yeye mama hakuulizwa pia, sasa mimi nimeulizwa, basi nijibu. Akaongeza kwamba kama ni jiko, lazima kuwe na dirisha.

Nikapanga upya. Woodsworth namba moja, Innis namba mbili, New namba tatu. Woodsworth nilisikia pia ndiko wanakopita watu wazima wanaorudi shule, kuna kozi za daraja kwa waliokosa vyeti kamili. (Wewe ambaye huna cheti cha sekondari kabisa, tafuta Transitional Year Programme ya chuo hichohicho, ipo tangu 1970, usikate tamaa mapema.) Nilitaka mahali ambapo mtu wa miaka 22 mwaka wa kwanza hashangazi.

Nikaipata. Bweni liko Bloor na St. George, kituo cha treni ya chini kiko palepale, na ukiondoka Hamilton saa za msongamano ndiyo utajua thamani ya kitu hicho. Chumba kina mlango na funguo ni yangu. Usiku wa kwanza niliufunga, nikaufungua, nikaufunga tena. Toka Kabezi sikuwahi kulala chumba peke yangu, na kusema kweli sikukipenda. Kimya kilikuwa kikubwa. Wiki mbili nililala na taa.

Wiki ya tatu mama alinitumia ndagala kavu, ameletewa na mtu. Nikakaanga kwa vitunguu na mawese. Mnajua kilichotokea. Binti mmoja wa fleti alitoka chumbani anauliza kama bomba la choo limepasuka. Niliona aibu, nikafungua dirisha, nikala haraka nimesimama. Jioni tukaitwa kikao cha fleti, nikajiandaa kuomba msamaha. Kumbe kikao kilikuwa cha zamu za kuosha vyombo. Mwishoni kijana mmoja ambaye wazazi wake ni wa Ufilipino akasema wao wana samaki wadogo kama wale, wanawala asubuhi, je, naweza kumuuzia kidogo? Nikamwambia sasa umeongea kama mtu wa soko la Rumonge. Sikumuuzia, nilimpa. Binti wa bomba mpaka leo anafunga mlango nikipika, na mimi nampa taarifa mapema, tunaelewana hivyo.

Darasa la Kiswahili nililipitia siku moja nikiwa mgeni tu. Kozi ni ya wanaoanza, mimi nisingeruhusiwa. Mwanafunzi mmoja aliuliza "ngeli" ni nini, mwalimu akaeleza, na mimi nyuma kule nikagundua kwamba nami sijui vizuri. Nilitumia ngeli zote maisha yangu yote bila kujua zina majina.

Mdogo wangu, bado hujaniambia kama utapika au la, na kama kuna mtu wa kumtumia. Anza na hilo, halafu koleji zipange. Majoho na majengo mazuri utayaona tu, ni mwendo wa miguu. Fomu ya bweni itume wiki hii. Mwaka wa pili huo uhakika wa nafasi hautakuwepo, mimi mwenyewe sasa natafuta chumba cha kupanga na bei za mji huu zinatisha, hilo nitaliandika siku nyingine. Leo ni zamu yangu ya vyombo, na kuna sufuria limeungua ambalo kila mtu anasema si yeye.