Tamu kama maziwa, lakini si maziwa: chupa tatu tulizoonja Kasenga



Mgeni anayetoka Bujumbura anapita Gatumba, anavuka mpaka Kavimvira, kisha moto inamleta hadi kwetu Kasenga. Anakuta milima ya Mitumba upande mmoja, ziwa upande mwingine, na sisi tumebanana katikati. Jua linatukimbia mapema nyuma ya milima. Giza likiingia, taa za wavuvi zinawaka ziwani, na ng'ambo tunaziona taa za Bujumbura.

Njia hiyo ndiyo inayotuletea vitenge, sabuni na sukari. Inatuletea pia zile chupa za likeri ya krimu ambazo siku hizi hazikosi kwenye sherehe ya mahari. Wababa wanapewa Primus. Sisi wamama tunapewa glasi ndogo ya kitu chenye rangi ya chai ya maziwa, na watu wanakiita «maziwa ya wamama». Nataka tuongee juu ya jina hilo.

Miaka miwili iliyopita, wakati wa kiangazi, tulipokea mahari ya binti wa shangazi yangu. Ua ulijaa viti na nyimbo. Binti yangu, wakati ule ana miaka sita, alikuwa anasaidia kukusanya glasi. Nilimsifu mbele ya watu kwamba ni mtoto wa kazi. Baadaye nikamtafuta nisimwone. Tulimkuta amelala nyuma ya viti, mwili umelegea, ametapika, na nilipomwita alifungua macho kidogo tu. Alikuwa amekunywa mabaki ya kila glasi aliyoiokota.

Tulikimbia naye kituo cha afya. Muuguzi alimpima, akakuta sukari ya damu imeshuka. Akanieleza kwamba pombe hushusha sukari mwilini mwa mtoto mdogo, na hiyo ndiyo hatari ambayo wazazi wengi hawaijui. Wanasema mwache alale, itaisha. Alikesha pamoja nasi. Asubuhi mtoto alipoweza kuongea aliniambia: «Mama, nilifikiri ni maziwa ya chokoleti.»

Sikuweza kumgombeza. Mimi mwenyewe, mwalimu mwenye diplome, nilikuwa nimeiita maziwa mbele yake.

Ndiyo sababu Jumamosi moja tuliketi wamama wanne kwenye ua wa shangazi, ua uliojengwa upya baada ya mafuriko ya mto Mulongwe ya Aprili 2020. Watoto tuliwapeleka kwa bibi yao. Tulikuwa mimi, shangazi, yule muuguzi, na mama jirani ambaye kanisa lake halikubali pombe. Yeye alisema atakuja kusoma maandishi ya chupa na kuhakikisha hatuzidishi. Kila mmoja wetu watatu alipewa kijiko kimoja kwa kila chupa, na kipande cha mkate na maji katikati ili kusafisha ulimi.

Chupa ya kwanza ilikuwa Baileys. Hii ilianza kuuzwa mwaka 1974 huko Ireland, nchi ya mvua na ng'ombe wengi. Wanachukua krimu ya maziwa, wanaichanganya na wiski, sukari na kakao. Jina la Bailey lilibuniwa tu na wauzaji. Usidhani kuna mzee Bailey aliyekuwa anakamua ng'ombe wake. Ulimini ni nzito, inaanza na chokoleti na vanila, halafu wiski inakuja nyuma na kuchoma koo polepole. Shangazi alisema: «Inakuja kwa upole, kama mkopo.» Tulicheka, lakini alisema kweli.

Ya pili ilikuwa Amarula, yenye picha ya tembo. Hii ni ya Afrika Kusini, na ilianza kuuzwa ikiwa na krimu mwaka 1989. Haina wiski. Inatoka kwenye tunda la marula: linachachushwa, linageuzwa pombe kali, linalazwa miaka miwili ndani ya mapipa ya mbao, ndipo krimu inaongezwa. Sisi tuliiona nyepesi kuliko ya kwanza. Ina ladha ya tunda, na ya sukari iliyoungua kidogo sufuriani. Shangazi na mimi tuliipenda zaidi. Muuguzi alibaki na Baileys.

Chupa ya tatu haikuwa na karatasi. Ilitengenezwa nyumbani kwa kanyanga, maziwa ya unga na kakao, na inauzwa kwa bei ndogo sana. Hiyo tuliinusa tu. Muuguzi alikataa tusiionje. Alisema hakuna anayejua nguvu yake, na kanyanga iliyopikwa vibaya inaweza kuwa na sumu ya kupofusha macho au kuua. Mama jirani aligeuza chupa mara mbili akitafuta la kusoma. Akasema: «Chupa isiyosema jina lake, mimi siiamini.»

Kisha akatusomea zile mbili za kwanza. Zote ziliandikwa asilimia 17. Hapo nikachukua chaki yangu.

Primus ina asilimia 5. Chupa ya sentilita 72 inabeba sentilita 3,6 za pombe yenyewe. Sasa mimina likeri kwenye glasi ya chai ya sentilita 20: ndani yake kuna sentilita 3,4. Karibu sawasawa! Mama anayekunywa glasi moja ya chai ya «maziwa ya wamama» amekunywa karibu Primus nzima, na anamcheka mume wake mwenye chupa mezani. Shangazi alinyamaza. Alikumbuka kwamba siku ya mahari alikunywa glasi tatu.

Tulijaribu mambo mengine mawili. Tulikamulia limau ndani ya kijiko cha Baileys, ikaganda mabongemabonge kama maziwa yaliyoharibika. Basi usichanganye na limau wala juisi ya maracuja. Halafu joto: pombe huilinda krimu, lakini watengenezaji wanashauri chupa isikae mahali penye joto la zaidi ya digrii 25. Saa za mchana kwetu Kasenga, chini ya mabati, joto linapita hapo. Ukimimina ukaona mabonge au ukasikia harufu ya uchachu, mwaga.

Na bei? Chupa moja kubwa ilitugharimu sawa na mfuko wa unga wa mahindi wa kilo 25, na ndagala za kuula siku mbili. Tulikuwa tumechanga kama kwenye likelemba, na hata hivyo roho iliuma.

Sikuandika haya ili kumhukumu mama anayekunywa, wala kumcheka asiyekunywa. Naomba mambo manne tu. Tuiite pombe, hasa mbele ya watoto. Imiminwe kwenye glasi ndogo, si ya chai. Mama mjamzito asipewe hata kidogo, kwa sababu OMS inasema hakuna kipimo cha pombe kilicho salama kwake. Na kwenye kila sherehe achaguliwe mtu mzima mmoja wa kukusanya glasi, mabaki yamwagwe papo hapo. Kazi hiyo isiwe ya mtoto.

Kwa watoto, na kwa wote wasiokunywa, shangazi sasa anapika hivi: lita moja ya maziwa, vijiko viwili vya kakao, vijiko vitatu vya sukari, kipande cha mdalasini. Anachemsha, anapoza, anaweka chupa kwenye beseni la maji baridi. Mwezi uliopita, kwenye ubatizo wa mjukuu wake, chupa hiyo iliisha kabla ya zote.

Binti yangu alikunywa vikombe viwili. Kabla ya kuinua cha kwanza aliniangalia na kuuliza: «Mama, haya ni maziwa ya kweli?» Nilionja kwanza mimi, ndipo nikamjibu ndiyo.